Mjomba na Vibano

Upinde wa tatu ulipofumuka, fundi hakupiga kelele. Aliulaza juu ya meza, akavua aproni, akatoka uani na kuhesabu madirisha ya jengo la jirani mpaka hasira ikamshuka.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeacha kutengeneza makabati ili atengeneze pinde. Klabu moja ya kulenga shabaha ilikuwa imemwagiza sita, kila mmoja wa vibao vinne vyembamba vilivyogandishwa kwa gundi na kukazwa kwa vibano kwenye kalibu. Karakana ilikuwa yake, ila hakuwa peke yake. Mjomba aliyemfundisha useremala tangu hajui kushika randa alikuwa amestaafu, lakini kwa mdomo tu. Kila asubuhi alifika kabla ya mwenye karakana.

"Si nilikwambia?" mjomba alimpokea aliporudi ndani. "Gundi ni ile nyeupe. Miaka arobaini naunga vitanda, nani kaanguka?"

"Mjomba, kitanda hakipindwi. Upinde wa kwanza si tuliunga kwa hiyo nyeupe? Siku mbili tu tukiuvuta, vibao vikaanza kuteleza, kila kimoja na njia yake."

"Ulifanya haraka. Haraka haraka haina baraka."

Fundi akajikaza kisabuni. Upinde wa pili waliunga kwa gundi ya makopo mawili, ile inayochanganywa na kigandisho. Mjomba alichanganya kwa kukadiria, kigandisho akakitia kiduchu ili kisiishe, na gundi ikabaki inanata kama asali wiki nzima. Ndiyo maana wa tatu fundi alipima mwenyewe kwa mizani, gramu kwa gramu. Na bado nao umefumuka.

Akavuta taa karibu, akauchunguza. Mbao zilikuwa kavu, nyeupe, kana kwamba hazijawahi kupakwa kitu. Kisha akatazama chini ya kalibu. Gundi yote ilikuwa pale, imeganda bwawa zima juu ya karatasi.

"Mjomba," alisema taratibu, "jana nilipokwenda kununua msasa, ulivigusa vibano?"

"Sikuvigusa."

"Kweli?"

"Nilivikaza tu."

Hapo subira ikamwishia. "Umeikamua gundi yote ikatoka! Hii si mbao ya kitanda, mjomba! Gundi hii inataka kubaki katikati, utando mwembamba ndio unaoshika. Nimesema mara ngapi? Sikio la kufa halisikii dawa!"

Neno lilikwisha toka. Mjomba akakunja miwani yake, akachukua koti.

"Sawa. Mimi ni sikio la kufa," alisema, akaondoka.

Siku iliyofuata hakuja. Fundi aliunga upinde wa nne bila mtu wa kumvuruga: akakwaruza mbao kwa msasa mkavu ili gundi ipate pa kung'ang'ania, akafuta vumbi kwa spiriti, akapaka pande zote mbili, akakaza vibano mpaka matone madogo yakachungulia ukingoni kama jasho. Hapo akaacha. Alitazamia kufurahi. Badala yake alizidi kukereka, sasa akijikera mwenyewe, maana aliyemtukana ndiye aliyeifundisha mikono yake kazi.

Jioni simu ililia. Alikuwa mkaza mjomba, mke wa mzee.

"Mwanangu, njoo umchukue mtu wako. Tangu asubuhi anakaza skrubu za nyumba nzima. Mlango wa choo haufunguki."

Fundi akacheka mpaka machozi, akaenda. Alimkuta mjomba ameinama kwenye kabati, bisibisi mkononi.

"Nisamehe mjomba. Nilikukosea adabu."

"Ulinikosea," mzee alikubali bila kuinua kichwa. Akakaza skrubu moja zaidi. "Lakini gundi ilikuwa imemwagika kweli. Niliiona, nikaona haya kusema."

Upinde ulipokwisha kushika sawasawa, waliufunga kwenye kigingi cha majaribio na kuuvuta mara mia mbili. Haukulia, haukufumuka. Mjomba alipitisha ukucha kwenye kila mshono akitafuta kasoro, akaikosa, na ilionekana wazi kwamba kuikosa kulimuuma.

"Mishiko je?" aliuliza. "Nani atachonga mishiko?"

"Nani mwingine anayeweza?"

Akaketi na patasi yake. Mshiko aliouchonga ulikaa kiganjani kama umezaliwa nao, na fundi hakuwa na la kusahihisha. Pinde zote sita ziliisha mwezi ule. Kocha wa klabu alipokuja kuzichukua, alisifu jinsi mbao zilivyoshikana, akauliza siri yake.

Mjomba akamtangulia fundi kujibu. "Usikaze sana," alisema. "Watu wengi wanakosea hapo. Mimi huyu mtoto nimemwambia siku zote."

Fundi akatoka tena uani kuhesabu madirisha.