Pampu Aliyotuletea Mfadel

Mimi ni Thami mwana wa Abdeslam, mwana wa Larbi, mwana wa Jilali, na sote, mimi na walionitangulia, tulikuwa mafundi wa mifereji ya maji katika mji mkongwe wa Fez. Maji ya mto yalipokuwa yakigawanywa msikiti kwa msikiti na nyumba kwa nyumba, wazee wangu ndio walioitwa kuamua nani anastahili kiasi gani, na sikumbuki kusikia kadhi aliyetengua uamuzi wao. Babu yangu Larbi aliwahi kuamriwa na tajiri mmoja apunguze maji ya hamamu ya mtaa ili bustani ya tajiri huyo inenepe. Alikataa, akakosa kazi kwa muda mrefu, wala hakubadili neno. Basi ninaposimulia habari za maji, nasimulia jambo la nyumbani kwetu.

Mto ulipoacha kutulisha na mifereji ikakauka, hodhi la marumaru lililo katikati ya ua wetu likawa mahali pa paka kuota jua. Mjukuu wangu Badr, karani wa benki, alipokaribia kuoa, alitaka chemchemi ya hodhi hilo irushe maji tena, wageni wa arusi wakae kando yake. Nilikubali. Kabla hatujaenda kutafuta pampu, Mfadel, dalali wa nyumba tuliyezoea kumwita Si Mfadel, yaani Bwana Mfadel, akabisha mlango, na nyuma yake hamali amebeba boksi kubwa.

"Badr, ndugu yangu, arusi njema!" alisema. "Hii ni pampu, tena ya nguvu. Maji yatapanda hadi ghorofani, bibi arusi anawe uso bila kushuka ngazi!"

Badr alicheka. Mimi sikucheka. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuja mara kadhaa kutaka nimuuzie nyumba, nami nimemkatalia kila mara. Isitoshe, nyumba iliyo nyuma ya ukuta wetu wa mashariki alikuwa ameinunua kwa warithi wake na kuifunga, na majirani walisema anataka kuziunganisha mbili hizi ziwe hoteli. Mtu wa namna hiyo anatuletea pampu bure kwa sababu gani?

"Si Mfadel," nilimwuliza, "hodhi letu lina upana gani?"

"Upana wa nini tena, Haji? Hodhi ni hodhi."

"Na kutoka usoni mwa maji hadi kwenye tundu yanakotokea, ni urefu gani?"

"Wallahi, Haji, umenikumbusha mwalimu wangu wa hesabu, na yule alikuwa na fimbo!" Akaketi kwenye mito ya kukalia. "Chai ya nanaa iko wapi? Koo limekauka kama mifereji yenu."

Alikunywa chai, akala biskuti za lozi, akaondoka akimkumbatia Badr. Nilipofunga mlango nilimwambia mjukuu wangu kwamba mtu anayechagua pampu bila kupima hodhi ama ni mjinga, ama ana hodhi jingine moyoni mwake. Na Mfadel hajawahi kuwa mjinga.

"Babu, wewe unamshuku hata paka anayekusalimia," alisema Badr. "Mtu kaleta zawadi. Tumfungulie kesi?"

"Sijamfungulia kesi. Nimeuliza kipimo, naye akaniomba chai."

Badr aliifunga pampu ile siku hiyohiyo. Maji yaliruka hadi kwenye mbao za roshani, na wanawake wa nyumba wakapiga vigelegele. Mimi nilitazama yanakoangukia. Baba yangu alinifundisha kwamba maji ya chemchemi ya ua yasipande juu kuliko umbali ulioko kati ya tundu lake na ukingo wa hodhi, kwa maana upepo ukiingia kwa juu huyabeba na kuyaweka nje. Ya Mfadel yalipanda mara nne ya umbali huo. Hodhi lilikuwa likipungua kutwa, na Badr akilijaza kwa mpira wa bomba asijiulize maji yanakwenda wapi.

Nilitaka kujua. Asubuhi moja, kabla ya pampu kuwashwa, nilinyunyiza unga wa chokaa juu ya vigae vyote vya ua. Adhuhuri ilipofika, upande wa magharibi chokaa ilikuwa kavu na nyeupe vilevile. Upande wa mashariki, upepo unakoelekea, ilikuwa imegeuka uji, na uji huo umeshuka katika nyufa za vigae, chini kabisa ya ukuta. Nilisogeza godoro la kukalia, nikaweka kiganja. Ukuta ulikuwa umelowa.

Nyuma ya ukuta ule, kati yetu na nyumba aliyoinunua Mfadel, unapita mfereji wa zamani, mtupu, na udongo wake ni laini. Fundi yeyote wa ukoo wetu anajua kwamba huo ndio upande dhaifu wa nyumba. Na katika mji wetu ukuta ukivimba kwa unyevu, mkaguzi wa majengo huutegemezea magogo na wenye nyumba huamriwa kuhama hadi wajenge upya. Sisi hatukuwa na uwezo wa kujenga upya. Familia iliyofikia hapo huuza, na bei huitaja mnunuzi.

Nilimwita Badr, nikamshika mkono, nikauweka ukutani.

"Ni bahati mbaya tu, Babu," alisema, ingawa uso ulikuwa umembadilika. "Mfadel angejuaje?"

"Huenda hajui. Basi usimwambie mtu yeyote habari ya unyevu huu, tuone kama ataujua bila kuambiwa. Hata mchumba wako. Naomba ahadi."

Aliniahidi. Kesho yake tulikwenda mji mpya kwenye duka la pampu. Muuzaji alianza kwa kutuonyesha kubwa zaidi, na Badr akanyooshea kidole maandishi ya boksi yaliyotaja urefu wa mita nyingi.

"Urefu huo," nilimwambia, "ni pale ambapo maji yamefika yakiwa yameishiwa nguvu, hayatoki hata tone. Sisi tunataka yafike kwenye tundu na bado yana pumzi ya kububujika kidogo, basi."

"Mzee anasema kweli," alisema muuzaji, akirudisha lile boksi kubwa rafuni bila furaha. "Nipe vipimo."

Nilimpa: urefu kutoka maji hadi tundu, unene wa bomba, upana wa hodhi. Nilichagua pampu ndogo inayozama majini, yenye chujio la kuzuia majani na koki ya kupunguza kasi. Nilimtaka aiwashe ndani ya ndoo mbele yangu, nikaisikiliza. Nilipoiona haitetemeki wala haingurumi, nikaichukua. Nyumbani maji yalipanda kiasi cha shubiri mbili, yakashuka palepale. Arusi ilifanyika kando ya sauti hiyo, na watu walizungumza bila kupaza sauti. Majira ya kiangazi yalipopita, ukuta ulikuwa umekauka.

Mfadel hakuonekana hadi baada ya kiangazi hicho. Siku aliyokuja alifuatana na mtu mwenye mkoba wa vyombo vya kupimia, aliyemtaja kuwa rafiki tu, mpenda nyumba za kale. Chemchemi nilikuwa nimeizima. Nilimkaribisha aingie.

Mtu aliyetoa zawadi huiangalia zawadi yake. Huyu alipita hodhi bila kulitupia jicho. Alikwenda moja kwa moja hadi ukuta wa mashariki, akavuta godoro, akainama, akaweka kiganja kwenye vigae vya chini ya ukuta. Akakiondoa, akakiangalia. Akakiweka tena, mbele kidogo. Rafiki yake alikuwa tayari amefungua mkoba.

"Umepoteza kitu, mwanangu?" nilimwuliza.

"Hapana, Haji, ni... vigae vyenu vizuri mno."

"Vigae hivyo viko pande zote nne."

Badr alikuwa amesimama na sinia ya chai mkononi. Aliitua chini.

"Si Mfadel," alisema, "nani alikuambia kwamba ukuta huu ulilowa?"

"Ulilowa? Sijui habari ya kulowa, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Ungekuwa hujui, usingekuja na kiganja. Ungeanza kwa salamu na chai, kama zamani."

Dalali alinigeukia mimi, akitabasamu. "Haji, kijana ana hasira. Tuzungumze wakubwa kwa wakubwa. Nyumba hii bado naweza kuitajia bei."

"Bei uliyoitaka umekuta imekauka," nilisema. Badr alikwenda ghalani, akaleta boksi lenye pampu ile kubwa, akaliweka mlangoni. Mfadel alikwenda nalo kifuani, mwenye mkoba nyuma yake, na hakuna aliyemsindikiza hadi njiani.

Nawaandikia haya nyinyi wajukuu na vitukuu mtakaoirithi nyumba hii, nami sitaki mnijibu kwamba mambo ya pampu ni ya mafundi. Pimeni hodhi kwa mikono yenu kabla mashine yoyote haijavuka mlango. Mtu akiwaletea bure kitu msichokuwa mmekiomba, muulizeni vipimo, na akiwajibu kwa utani, fungeni mlango. Badr ameyaona kwa macho yake. Nyinyi mtayasoma tu, kwa hiyo yasomeni kwa makini, na mwenye kuyapuuza asije akaniita babu yake.