Walioandikwa Hawapo

Katika utafiti ule wa nyumba, mama mmoja aitwaye Sikujua alipewa kazi moja tu: kupitia fomu zilizojazwa na kutia sahihi yake chini, kuthibitisha kwamba zimekaguliwa. Zililetwa mia mbili kwa siku na zilitakiwa kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo aliangalia namba ya nyumba na tarehe, basi. Alhamisi moja mwishoni mwa Machi 1965 alikuwa akizifunga kwa kamba alipoona anwani ya Zaina, mama yake mdogo, katika kata ya mji iitwayo komini ya Tshopo. Mbele ya anwani, mahali pa jibu, pameandikwa: nyumba tupu. Na chini, kwa wino wake mwenyewe, sahihi ya Sikujua.

Tupu ya wapi? Ijumaa iliyopita alikula pondu, yaani kisamvu, ndani ya nyumba hiyo mpaka akalegeza kitenge. Zaina alikuwa amekaa eda. Mumewe, Asumani fundi cherehani, alipigwa risasi mwishoni mwa Novemba, siku chache baada ya mji kutwaliwa kutoka kwa waasi, na hajatokea mtu wa kusema risasi ilikuwa ya nani. Tangu siku hiyo mjane hakutoka nje wala kusema na mwanamume asiye wa ukoo. Eda ni miezi minne na siku kumi, na zake zilikuwa zinaelekea ukingoni.

Sikujua alifungua mafungu yote. Alipomaliza alikuwa na fomu thelathini na nne za nyumba tupu, na nyumba nyingi kati ya hizo alizijua, zina wajane. Alijua fomu zinakwenda wapi. Shirika lililolipia utafiti lilitaka kujua nani amebaki kwenye nyumba ipi baada ya uasi. Nyumba zilizo tupu zingegawiwa Jumamosi kwa familia zilizokimbia kutoka Ubundu, ambazo zilikuwa zinalala kwenye kituo cha reli ng'ambo ya mto.

Alimwita Évariste, muulizaji aliyepita mtaa wa Zaina, kijana msomi kutoka Bukavu.

"Ulifika kwa hii nyumba?"

"Nilifika, mama. Nilipiga hodi mara tatu. Hakuna mutu alijibu. Nilisikia tu kinu, mutu anagonga mara tatu, ananyamaza. Hata niliandika pembeni."

Kweli aliandika. Sikujua aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha akasoma chini ya mstari mnene wa kalamu nyekundu: sauti ya kinu. Mtaa mzima, mpaka wauza samaki, walijua maana yake. Mjane wa eda akibishiwa hodi na mwanamume mgeni hugonga mchi kwenye kinu kitupu mara tatu: nimo, siwezi kusema nawe, niletee mwanamke. Évariste hakujua, na hakuwa na kosa, kwani aliandika alichosikia. Aliyekata maneno yake kwa kalamu nyekundu ndiye aliyemkera Sikujua.

Huyo alikuwa Papa Hilaire, mkuu wa utafiti, aliyeletwa kwa ndege kutoka mji mkuu, Léopoldville, na mpango wake tayari mkobani. Waulizaji ishirini, wote wanaume. Kila mlango mara moja. Siku ya kwanza kabisa Sikujua alimwomba achanganye wanawake, akajibiwa kwamba wanawake watapiga soga na kazi italala. Kuuliza si ujinga, lakini Papa Hilaire alikuja kuuliza mji mzima na hakutaka kumuuliza mtu hata mmoja wa mji huo.

"Papa, kwa nini ulikata haya maneno?" Sikujua alimwekea fomu mezani.

"Sababu pembeni haiko mahali ya jibu. Tunahesabu majibu."

"Kinu ilikuwa jibu. Hawa ni wajane, wako kwa eda. Nipe wanawake wane na siku mbili, nitazirudia zote."

"Madame, thelathini na nne kwa elfu mbili, haifiki hata mbili kwa mia. Kosa ndogo kama hiyo inaruhusiwa. Rapport ya utafiti iko tayari." Aligeuza fomu, akaweka kidole kwenye sahihi. "Na wewe ulikubali. Alors, unataka nini?"

 Sikujua alitoka amevimba kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alichukua fomu zile thelathini na nne kabatini bila ruhusa ya mtu, akaenda kusimama mlangoni kwa Zaina. Karani wa komini alifika kwa gari na orodha, na Papa Hilaire, na mama mmoja wa Ubundu aitwaye Micheline aliyebeba godoro kichwani. Majirani walikusanyika. Ndani, kinu kikagongwa mara tatu.

"Mumesikia," Sikujua alisema. "Hii nyumba iko na mwenyewe."

"Mimi nafuata orodha," karani alijibu. "Chef wa utafiti abadilishe."

"Nitabadilisha," Papa Hilaire alisema kwa upole wa kuudhi. "Atoke tu nimuone. Bila kuona, hakuna kuhakikisha."

Majirani waliguna. Ndipo mlango ulipofunguka. Zaina alitoka amejifunika nguo nyeupe, akasimama juani mbele ya wanaume wote wale, macho chini.

"Nilibakisha siku tisa," alisema. "Bon, umeniona."

"Voilà," Papa Hilaire alisema, akatoa kalamu, akasaini kwenye fomu kwamba nyumba ina mwenyewe. "Tuende nyumba inayofuata. Na huko watoke."

Micheline alitua godoro chini. "Mimi siingii nyumba ya mutu," alisema. "Na huko kwingine siendi kutazama mama anatolewa inje kama mwizi. Papa, saini zote hapa, ama rudi na mimi kwa gare ya treni ukaelezee wenzangu."

Majirani walikuwa wamesogea mpaka njia ya gari haikuonekana. Papa Hilaire aliangalia huku na huku, akasaini fomu zilizobaki moja baada ya nyingine juu ya boneti ya gari, kisha akaondoka na karani.

Zaina hakurudi ndani. Alinyoosha mkono, akaichukua fomu yake, akaisoma polepole hadi chini.

"Hii jina ni yako?"

"Ni yangu, mama mudogo."

"Uliandika mimi siko."

"Nilisaini bila kusoma."

Sikujua alingoja atukanwe, angalau atukanwe apumue. Zaina hakumtukana. Alimrudishia karatasi, akakaa kwenye kizingiti palepale juani, nguo nyeupe ikigusa vumbi.

"Miezi mine nilimutunzia Asumani eda," alisema. "Yule bwana kutoka Léopoldville hanijui. Weye unanijua."