Samoni Mia Tatu na Kumi na Wawili wa Nchi Kavu

Msimu wa samoni ulifungwa Jumanne saa sita kamili mchana, na Pelagia Nunalik alikuwa ameshautoa wavu wake majini saa sita kasoro dakika nne. Si kwamba aliiogopa sheria. Alitaka kumshinda Makari.

Makari ndiye aliyekuwa karani wa ofisi ya samaki pale kijijini Ikamrat, na ndiye aliyesoma tangazo la kufunga kwenye redio ya mashua. Baba wa Pelagia na mama wa Makari walikuwa ndugu, na kwenye pwani ile mabinamu wa namna hiyo ni watani mpaka kaburini. Ukikaa siku mbili bila kumtania mwenzio, watu huuliza kuna msiba gani.

"Samoni wakubwa ni wachache mno mwaka huu," Makari alisoma, "kwa hiyo uvuvi wa biashara unafungwa saa sita mchana. Nyavu zote ziwe nje ya maji. Ripoti ziletwe ndani ya siku saba. Na wewe Pelagia, mwenye mashua inayovuja kama pua yako, usije ukasema hukusikia."

"Nakusikia, binamu," Pelagia akajibu. "Umesoma vizuri. Mwakani watakufundisha na herufi kubwa."

Redio za pwani nzima zikacheka.

Ila haraka yake ilimponza. Wavu ukishatoka majini mwisho wa msimu huoshwa, hukunjwa, hufungwa kamba. Pelagia, kwa kuwa magoti yalimuuma na chai ilikuwa jikoni, aliutundika kwenye miti ya kuanikia ukiwa wazi vilevile ulivyokaa mtoni: maboya juu, vipande vya risasi vya kuuzamisha chini, uso umeelekea baharini. Marehemu mama yake alikuwa akisema wavu uliokunjwa umelala, lakini wavu ulio wazi unakaribisha. Pelagia alilijua hilo. Alisema ataukunja akishakunywa chai.

Alipotoka na kikombe mkononi, samoni watatu walikuwa wamenasa, futi nne juu ya nyasi.

"Mama, una samaki," alisema Fania, binti yake, aliyekuwa akisafisha mashua.

"Nimewaona. Lete ndoo ya maji ya mto."

Kila anayetoka kwenye maji ya chumvi hufika na kiu. Walimdondoshea kila samaki maji matamu mdomoni, wakamshukuru kwa kuja, wakachukua visu. Kisha Pelagia akaingia ndani kumalizia chai yake.

Ikawa hivyo kila maji yalipojaa. Samoni hawakudondoka kutoka mawinguni, hapana. Waliingia wavuni kwa upande wa bahari kama samaki yeyote anavyoingia, maboya yakatikisika, basi. Wote walikuwa wale wakubwa waliotangazwa kuwa ni wachache. Wote walikuwa wamekwisha kufa, wa baridi, taya zimevunjika, magamba yamekwanguka ubavu mmoja kwa macho ya wavu mnene usio wa pale. Alama ile kila mtu Ikamrat aliijua. Ni ya meli kubwa zinazovua samaki wengine huko mbali kwenye Bahari ya Bering. Samoni wakinaswa na nyavu zao kwa bahati mbaya, meli hazina ruhusa ya kuwauza, basi huwarudisha baharini kwa koleo.

Na sasa walikuwa wanarudi nyumbani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Majirani walifika na visu vyao vya nusu mwezi, na beseni la matunda ya porini yaliyopondwa pamoja na mafuta likazunguka kutoka mkono hadi mkono. Vibanda vya kukaushia samaki kwa moshi vilivyokuwa vitupu tangu mwaka juzi vilijaa hadi mlangoni. Jioni watu walioga mvuke, wakatoka wekundu, wakala vichwa vya samoni vya kuchemsha, wakasimulia uongo wa zamani. Pelagia alikuwa na furaha, na hakuificha. Kila samaki alimhesabu kwa fundo moja kwenye uzi mwekundu.

Siku ya sita aliutazama ule uzi, na furaha ikaanza kumkauka.

Ripoti ya kufunga msimu hudai kila samaki: wangapi, wa aina gani, wamevuliwa wapi na lini. Pelagia alikuwa na miaka sitini na tatu. Masika yaliyofuata alikusudia kumwachia Fania kibali cha mahali pale pa kutega wavu, mahali alipoachiwa na mama yake. Ofisi haihamishi kibali cha mtu mwenye doa. Akiandika samoni wote hawa waliokuja baada ya saa sita ya Jumanne, atakuwa amevua msimu umefungwa. Asipowaandika, amewakana. Na samaki asiyehesabiwa, mama yake alisema, hujiona hakupokelewa, na huko alikotoka huwaambia wenzake.

Siku ya saba Makari alikuja mwenyewe na fomu kwapani. Kwanza alikula. Kisha akaenda kupima kutoka wavuni hadi majini, akapata hatua mia moja na ishirini.

"Hatua zako au za mtu mzima?" Pelagia akauliza.

"Nyamaza, mvuvi wa majani." Makari akaketi, akatoa kalamu. "Mahali walipovuliwa?"

"Juu ya nyasi."

"Juu... ya... nyasi. Hali ya wavu?"

"Umeanikwa."

Samaki mmoja aliingia wavuni nyuma yao. Fania akanyanyuka na ndoo.

"Wa mia tatu na kumi na wawili," Makari akasema.

"Huyo bado hajatolewa. Mwandike akishakunywa maji," Pelagia akamwambia. "Na uandike walikotoka."

"Hakuna kisanduku cha walikotoka."

"Pembeni si kuna nafasi? Andika: walitupwa na meli, wamerudi wenyewe."

Makari aliiweka kalamu chini. "Pelagia, binamu yangu," alisema taratibu, "ukiandika hivi wanaweza kumnyima Fania mahali pake. Andika sufuri. Mimi sitasema kitu."

Kwa miaka hamsini Makari hakuwahi kusema naye sentensi tatu bila tusi ndani yake. Hapo ndipo Pelagia alipoogopa kwelikweli. Akamtazama binti yake.

"Mama, sitaki mahali pa kuvulia uongo," Fania akasema, akiwa amempakata samaki. "Weka sahihi."

Akaweka sahihi. Makari, ili kumsaidia, akamwambia sahihi yake inafanana na kinyesi cha bata. Wote watatu wakapata nafuu. Jioni ile wavu ukaoshwa, ukakunjwa, ukafungwa kamba.

Jibu lililetwa na ndege ya barua mwezi wa Novemba, mto ukiwa umeshaganda. Makari alilileta kwa miguu, akalisoma kwa sauti yake ya redio. Ofisi kuu ilimshukuru Bi Nunalik kwa ripoti kamili na ya wakati. Kwa kuwa wavu ulikuwa nje ya maji, hakuna sheria iliyovunjwa. Kibali kitahamishiwa kwa binti yake.

Fania alipiga kelele hadi mbwa wakaitikia. Pelagia akamkumbatia, akalia bila haya.

"Kuna ukurasa wa pili," Makari akasema.

Maelezo ya pembeni yalikuwa yamelinganishwa na ripoti za meli zenyewe. Meli ziliripoti kwamba hazikuvuka kiwango chao cha samoni wa bahati mbaya, kwa hiyo hakuna samoni waliopotea. Samoni mia tatu na kumi na wawili wamehesabiwa kuwa ni wa Ikamrat, nao watakatwa kwenye fungu la samaki ambalo Ikamrat inaruhusiwa kuvua mwakani.

Pelagia alicheka, halafu akakasirika, halafu akasema maji yamechemka, nani anataka chai.

Juni iliyofuata, fungu la Ikamrat likiwa limekatwa lote, Makari alisoma matangazo mawili kwa pumzi moja. Msimu umefunguliwa saa sita mchana. Msimu umefungwa saa sita mchana.

"Nyavu zote ziwe nje ya maji," alimalizia.

"Uko nje, mjomba," Fania akajibu redioni.

Alikuwa ameshautundika kwenye miti, maboya juu, risasi chini, uso umeelekea baharini. Kabla chai haijaiva boya la tatu lilitikisika. Samoni mkubwa, taya imevunjika, ubavu mmoja hauna magamba. Pelagia akamdondoshea maji mdomoni, akamwambia karibu nyumbani. Fania akafungua fomu juu ya goti, akaandika moja.