Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Renée alikuwa ametoa amri, na Renée akitoa amri hata baba yake hunywea: nyumba isipopimwa kuvu, mjukuu haonekani. Mara tatu Elodie, mtoto wa miaka minne, alilala chumba cha nyuma kwa bibi yake, na mara tatu alirudi kwao mjini Baton Rouge kifua kikipiga filimbi.

"Mama, simleti tena humo mpaka mtu aje apime," alisema kwenye simu. "Na nisisikie kwamba Baba amepima kwa pua yake."

Basi Verlie Guidry akakaa mezani na kahawa yake na namba za wapimaji wawili, asimwamini hata mmoja.

Wa kwanza alipima bure. Bure! Tangu mafuriko yalipoingia majumbani, watu wa kando ya bayu, ule mto wa maji yaliyotuama, walishaonyeshwa kila rangi ya bure. Jirani yao, Bi Hebert, aliletewa kisahani cha kunasia kuvu kikawekwa wazi juu ya friji siku tano, kikaota manyoya ya kijani, na mwenye kisahani akatikisa kichwa kwa huzuni kabla ya kutaja bei ya kubomoa nusu ya nyumba. Louisiana hii, ambako taulo halikauki bafuni, kisahani kikiachwa wazi kitaota hata kanisani. Hata hivyo Verlie alimpigia yule wa bure.

"Mkishapima, nani anaondoa hiyo kuvu?"

"Sisi wenyewe, mama. Huna haja ya kuhangaika kutafuta watu."

"Mmewahi kupima nyumba mkaikuta safi?"

Yule bwana akajikohoza. "Aa, hiyo inategemea, mama."

Verlie akakata simu. Fisi hapewi bucha alinde.

Wa pili, mama mmoja aitwaye Pruitt, alitaka malipo yake na hakubembeleza. Alisema yeye hagusi ukuta wa mtu. Huvuta hewa ya ndani, huvuta ya nje, hupeleka zote maabara na kuleta karatasi ya majibu. Verlie alimzungusha kwa maswali dakika ishirini asipate pa kumshika, na hilo likazidi kumtia shaka.

Mumewe, Odray, alikuwa kwenye sinki akimenya kamba wa chakula cha mchana.

"Wezi wote hao," alisema bila kugeuka. "Mtoto ana kifua cha ukoo wa mama yako. Nyumba hii niliikausha kwa mikono yangu miwili."

"Huyu wa pili haondoi. Anapima tu."

"Ndiyo mbaya zaidi! Anakuja yeye leo, kesho anamtuma shemeji yake na nyundo. Wanagawana."

Verlie angekubali, maana kushuku watu ni Odray aliyemfundisha. Lakini alitazama mikono ya mumewe. Odray alikuwa akitupa nyama ya kamba kwenye ndoo ya takataka na kuweka maganda kwenye bakuli.

"Odray," akasema taratibu. "Mbao za chumba cha nyuma zilisoma ngapi ulipofunga ukuta?"

Kule, kila aliyeingiliwa na maji ana namba mbili kichwani: maji yalifika wapi, na mbao za ndani ya kuta zilisoma unyevu asilimia ngapi kwenye kipimo kabla ya kufunikwa. Odray alizitaja zake hata kwa wageni kwenye kituo cha mafuta. Sebule kumi na mbili, jiko kumi na tatu. Ukizidi kumi na tano, hufungi ukuta, la sivyo kuvu itaota ndani. Unasubiri, hata miezi.

"Chumba cha nyuma? Zilikuwa sawa."

"Sawa siyo namba."

"Kumi na kitu."

"Kitu gani?"

Odray akafunga bomba. "Ishirini na sita," alisema. "Krismasi ilibaki siku nne, Verlie. Ulikuwa unalia kwenye lile trela tuliloishi baada ya mafuriko, unataka watoto wale mchuzi wa gumbo nyumbani kwako. Nikajisemea, zitakauka zenyewe humo humo."

Verlie aliona aibu, kwa kuwa kweli alilia. Kisha hasira ikaifukuza aibu. "Mara tatu ulimsikia mtoto anahangaika kupumua. Na ulijua."

"Nilidhani ni mafua."

"Kweli ulidhani?"

Odray alijifuta mikono kwenye suruali. "Basi hatuna haja ya kumlipa mtu. Kesho nabomoa mwenyewe, nakausha vizuri, tunamwambia Renée aje."

"Na nani ataniambia kwamba pamekauka?"

"Mimi."

Miaka thelathini na minane ya ndoa, na jibu lile halikumtosha. Lilimuuma kuliko alivyotegemea. Akampigia Bi Pruitt.

"Ni kile chumba cha nyuma tu?" Bi Pruitt aliuliza.

"Vyote," alisema Verlie. "Hata sebule. Hata jiko."

Odray aliketi. "Na Renée utamwambia nini?"

"Mimi? Utamwambia wewe." Akaibonyeza namba ya binti yao, akamsukumia simu juu ya meza.

Iliita mara mbili. Sauti ndogo ikapokea, bado ikikwaruza.

"Babu! Nakuja lini?"

Odray alimtazama mkewe. Verlie hakumsaidia.

"Mpe mama yako simu, mpenzi," alisema hatimaye. "Babu ana jambo la kumwambia."