Reli Niliyoichomelea

Kwanza mjue mimi si fundi wa kubabaisha. Nikichomelea kitu, kimechomelewa. Kwa hiyo bosi aliponiambia, "Mdogo wangu, wezi wanatumaliza, anza kuchomelea kichwa cha reli pale darajani tuone," sikuuliza mara mbili. Zile reli za kinga pembeni mwa barabara, kila zinapoanzia pana kichwa kilichofungwa kwa bolti nne, na watu wa chuma chakavu walikuwa wakizing'oa kila wiki. Nikazichomelea zote nne. Wezi walikuja, wakahangaika, wakaondoka mikono mitupu. Nilijisifu wiki nzima, mke wangu akachoka kunisikiliza.

Hakuna aliyeniambia kwamba bolti zile zimetengenezwa zikatike. Gari likigonga zinakatika, kichwa kinarudi nyuma, kishindo kinapungua. Za kwangu hazikukatika. Reli iliingia kwenye gari dogo kuanzia taa mpaka kiti cha nyuma, na mwalimu mmoja wa hesabu akazinduka hospitalini hana mguu wa kulia.

Kabla wakaguzi hawajafika, bosi alinipeleka pale na msumeno wa umeme. Nikakata kile kichwa vipande vipande, nikafunga kingine. Picha za polisi zilikuwa za gari tu. Kwa hiyo mwalimu alipoishtaki kampuni yetu, inayotunza reli zile, ushahidi pekee uliobaki ulikuwa mdomo wangu.

Wakili wa kampuni alinifuata nyumbani. Mtu mpole mpaka anatisha. Alikaa kwenye kochi letu lililobonyea, akauliza watoto wako darasa la ngapi, kisha akatoa karatasi.

"Hapa unasema baada ya ajali ulikuta bolti mbili zimeibwa. Kichwa kilikuwa kimelegea, ndiyo maana reli ikapenya. Wezi hawajulikani, hakuna wa kulaumiwa."

"Na nikisema nilichomelea?"

"Basi tutauliza nani alikutuma. Una maandishi ya bosi wako?"

Maandishi yatoke wapi, wakati sisi kazi zote tunaagizana kwa mdomo? Akaniachia kalamu mezani.

Alipotoka, mke wangu alisema, "Baba watoto, usitie sahihi. Yule mama mwalimu hana mguu."

"Na mimi nikifungwa, utawalisha wewe?" Nilimjibu vibaya, na aibu ninayo mpaka leo. Nikatia sahihi.

Siku ya kesi nilimkuta mwalimu kwenye korido ya mahakama, anahangaika kukaa kwenye benchi.

"Kaka, nishikie mkongojo huu," alisema. Nikaushika. "Ahsante. Na wewe umekuja kwenye kesi yangu?"

"Nimekuja kutoa ushahidi."

"Basi Mungu akupe nguvu. Wengi wanaogopa."

Nikakosa pa kuweka uso. Ndani nikala kiapo. Wakili wake aliniuliza kama bolti zile ziliwahi kuchomelewa, nikasema hapana. Akaniuliza tena polepole, nikasema hapana. Jaji akatupa madai: ni wizi, kampuni haiwajibiki, hakuna fidia. Mwalimu hakulia. Aliomba tu mtu amsaidie kusimama, na safari hii sikusogea.

Miezi miwili baadaye bosi alituita sote uani. Mamlaka ya barabara imesoma hukumu, alisema. Kwa kuwa mahakama imethibitisha kwamba wizi wa bolti ndio uliomkata mwalimu mguu, imeagiza vichwa vyote, njia nzima, vichomelewe. Vichwa mia tatu na kumi na viwili. Kazi tumepewa sisi.

Nilimvuta pembeni. "Bosi, wewe unajua kitakachotokea."

"Najua kilichoandikwa kwenye hukumu," alisema bila kuniangalia. "Nikiwaambia ni hatari, wataniuliza nimejuaje. Na wewe uliapa. Nenda kamwambie jaji ulimdanganya, halafu tukutane huko jela."

Sikwenda. Leo niko kwenye kichwa cha tisini na nne. Magari yanapita nyuma yangu, na kila moja nalisikiliza mpaka lipotee. Asubuhi hii basi la shule lilipunguza mwendo, dereva akatoa kichwa dirishani. "Fundi, ahsanteni kwa kutujali," akasema, na watoto wakanipungia mikono. Nikawapungia, nikashusha kinga ya uso, nikawasha moto.