Mluzi wa Onorina

Hapakuwa na mtu mjini Parma ambaye hakuujua mluzi wa Onorina Bertozzi. Asubuhi ulisikika sokoni, alikouza kuku na mayai, akimwita mteja aliyejifanya kumpita bila kumwona. Jioni, msimu wa opera ulipofunguliwa, ulisikika kutoka juu kabisa ya jumba, kwenye mabenchi ya makabwela yanayoitwa Tundu la Njiwa. Vidole viwili mdomoni, pumzi moja, basi. Mwimbaji aliyekuja na sifa zake kutoka Milano akajua kwamba Parma haijaridhika. Mwaka uliopita mwimbaji mmoja wa sauti ya tenori, mwenye kitambi na pete kila kidole alipigiwa mluzi huo, akafungasha virago kabla onyesho halijaisha. Watu wakasema hata akipita Parma kwa treni, huteremsha pazia la dirisha.

Lakini Onorina hakuwa mkorofi. Opera kwake ilikuwa kama ibada. Mama yake alimpandisha kwenye Tundu akiwa bado ananyonya, na humo alijifunza kwamba anayemsifia mwimbaji mbovu anamwibia yule mzuri. Alipolia, alilia kweli, na alipopiga makofi, viganja vyake vilivyozoea kunyonyoa manyoya viliwaka moto. Ndiyo maana watu wa Tundu walimngoja kwanza yeye.

Sasa msimu mpya ulikuwa unafunguliwa siku ya pili ya Krismasi, kama desturi, na kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni mwa jumba, chini ya majina mawili ya wageni, palikuwa na jina la Edmea Bertozzi. Binti yake wa pekee, aliyekuwa Milano akisomea kuimba.

Siku ya Krismasi walikaa mezani watu watatu, Onorina, Edmea na Learco, mume wa Onorina, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye machozi humtoka hata kabla pazia halijafunguka. Anolini, vibonge vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, zilikuwa zinafuka moshi kwenye supu ya jogoo. Edmea akaweka kijiko chini.

"Mama, nataka uniahidi jambo."

"Kula kwanza, supu inapoa."

"Kesho usinibebe."

"Nikubebe wapi, na kiuno hiki?"

"Unajua ninachosema. Nikiimba vizuri, piga makofi. Nikiharibu, nifanyie kama unavyowafanyia wengine."

Learco akaacha kutafuna. "Ee Mungu! Mtoto gani anaomba azomewe na mama yake? Haya ndiyo waliyokufundisha huko Milano?"

"Haya nimejifunza hapahapa, Baba. Kule Lucca walinipigia makofi. Rovigo walinipigia makofi, wakanipa na maua. Nikirudi chumbani najiuliza, walimaanisha, au ni adabu tu? Mama akinipigia makofi nitajua. Lakini asipoweza kunipigia mluzi, makofi yake nayo yatanifaa nini?"

Onorina alimtazama binti yake. Aliona kidevu kile kilichochomoza, akakitambua. Alikiona kila siku kwenye kioo.

"Haya," akasema. "Nimekuahidi."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu. Sasa kula, au nitakupigia mluzi hapahapa mezani."

Walicheka, isipokuwa Learco. Na usiku ule Onorina aligeuka kitandani kama samaki kwenye kikaango.

Kesho yake alasiri, ukungu wa bondeni ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kofia. Watu wa Tundu walipanga foleni kwenye mlango wa pembeni, maana mlango mkubwa wenye nguzo si wao, na kila mmoja alikuwa na furushi la chakula. Ermes, muuza nyama ya nguruwe, alimwona Onorina kutoka mbali.

"Mama Edmea! Leo vidole umeviacha nyumbani?"

"Ninavyo vyote kumi. Vihesabu."

"Tutaona. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu!"

"Wewe ndiye wa kuzungumzia nguruwe, Ermes, kutwa mnashinda pamoja. Tena mmeanza kufanana."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Onorina alicheka nao. Lakini alijua kwamba kila aliyekuwa pale alikuwa anajiuliza swali lilelile la Ermes.

Mlango ulipofunguliwa wakapanda ngazi mbiombio, wakisukumana viwiko, mpaka juu. Mzee Pellegrino, aliyewahi kupiga ngoma kwenye bendi ya mji, alikuwa amewekewa nafasi yake kwenye kizuizi cha mbele. Onorina akajibana katikati yake na Learco. Chini yao, mbali kama shimoni, viti vya mahameli mekundu vilikuwa vinajaa mabega yaliyoachwa wazi na vipara vilivyong'aa. Harufu ya marashi ya matajiri ilipanda na kukutana na harufu ya soseji iliyokuwa ikishuka.

"Nikifa," Learco akanong'ona, "mnizike na suti hii."

"Taa hazijazimwa hata. Kufa baadaye."

Opera yenyewe ilikuwa hadithi ya mateka wa vita na Lisabetta, binti wa askari jela, aliyempenda mateka huyo na kuamua kumfungulia. Edmea ndiye Lisabetta. Katika sehemu ya kwanza hakuwamo. Waliimba kwa makelele wageni wawili wa kwenye tangazo, na Tundu likawasikiliza kwa subira. Sehemu ya pili ilipoanza, Edmea akaingia peke yake, ameshika rundo la funguo, amevaa shali ya kijivu.

Onorina alimkodolea macho. Mtoto aliyemfundisha kuwashika kuku kwa miguu, leo amesimama kwenye mwanga huo na mji mzima umenyamaza kwa ajili yake! Edmea alianza kuimba chinichini, na sauti ikapanda yenyewe, laini, imeshiba, mpaka kwenye Tundu, haikupungua hata tone. Mzee Pellegrino akatikisa kichwa kwa kuridhika. Learco alikuwa amekwisha kulowesha leso ya kwanza.

Kisha ukaja ule mpando wa sauti ambao kila mtu alikuwa anaungoja. Hapo Edmea akaharakisha. Alivuta pumzi katikati ya neno, akaidaka sauti ya juu kutoka chini yake, na alipoipata akaiachia mara moja, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Wimbo ukaisha.

Huko chini wakapiga makofi, ya adabu. Kwenye Tundu hapakuwa na hata kofi moja. Vichwa vyote viligeuka kumtazama Onorina.

Learco akamshika kifundo cha mkono. "Mama Edmea, nakuomba. Ni mtoto wetu."

"Niachie."

"Hajakosea kitu kikubwa. Ni pumzi tu!"

"Learco. Niachie mkono."

Katika kitambo kile kifupi mengi yalimpita kichwani. Akinyamaza, kesho sokoni watasema mluzi wa Onorina ni wa watoto wa wenzake. Hilo angelivumilia. Lakini aliukumbuka uso wa Edmea mezani, na akaona kwamba akimdanganya leo, binti huyu hatamwamini tena mtu yeyote duniani anayempigia makofi. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Learco akamwachia.

Mluzi ukatoka mwembamba na mrefu, ukakata jumba zima kama kisu kinavyokata jibini.

Makofi ya chini yakafa. Bwana mmoja kwenye viti vya mahameli alisimama akapaza sauti, "Aibu! Nani huyo?" Edmea alikuwa bado amesimama katikati ya jukwaa. Aliinua uso, akautazama moja kwa moja ule weusi wa Tundu la Njiwa. Hakulia. Alikaza shali mabegani, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea salamu, akaondoka.

Wakati wa mapumziko hakuna aliyekaa karibu na Onorina. Learco alihamia mwisho wa benchi, akaupa ukuta uso wake. Ermes alikuja, safari hii bila mzaha, akamkatia kipande cha mkate na paja la nguruwe lililokaushwa.

"Chukua. Nilidhani huwezi."

"Hata mimi."

"Wewe si mama, wewe ni chuma."

"Chuma hakitetemeki, Ermes. Nitazame mikono."

Akaitazama, akamwekea mkate mapajani. Onorina hakuula ule mkate. Alitamani kushuka ngazi, akimbie nyuma ya jukwaa, amkumbatie mtoto, amwambie ni pumzi tu mwanangu, tulia, tulia. Lakini ngazi za Tundu haziendi kwenye jukwaa; zinakwenda barabarani tu.

Sehemu ya tatu ilipita bila yeye kusikia kitu. Ya nne ikafunguka. Lango la gereza lilikuwa limechelewa kufunguliwa, mateka amekwisha kuuawa, na Lisabetta alikuwa ameketi kizingitini, funguo zimelala mapajani. Edmea hakuharakisha. Aliwaacha wapiga ala wamngoje. Mwongozaji wao alishika kijiti hewani mpaka yeye alipokuwa tayari. Ndipo akaanza, sauti ndogo kabisa, kama mtu anayezungumza na maiti ili asimwamshe.

Onorina aliinama juu ya kizuizi. Aliisikia pumzi, safari hii imevutwa mapema, imewekwa chini kabisa tumboni. Mpando ukaja, Edmea akaupanda hatua kwa hatua, bila kudaka, bila kuogopa, akaifikia ile sauti ya juu, akaishika. Akaendelea kuishika. Kisha, badala ya kuikata, akaipunguza polepole, ikawa nyembamba kama uzi, na ule uzi ukapanda mpaka kwenye paa, ukakaa hapo juu ya vichwa vya kila mtu. Karibu na Onorina hakuna aliyekohoa wala kusogeza kiatu. Uzi ukakatika.

Halafu Tundu likalipuka. Walikanyaga mbao mpaka vumbi likawashukia matajiri mabegani. Ermes alikuwa anabamiza kofia yake kwenye kizuizi. Waliokuwa nyuma walipanda juu ya mabenchi. "Rudia! Rudia!" Learco alikuwa analia kwa sauti, bila leso, bila haya.

Onorina peke yake alikuwa ameketi. Alikuwa bado anatazama paani.

"Onorina!" Mzee Pellegrino akampiga begani. "Umelala? Watu wanakungoja wewe!"

Kweli walikuwa wanamngoja. Kelele zilipungua, na nyuso zikageuka tena, zilezile za mwanzo. Hata kule chini baadhi ya vipara viligeuka na kutazama juu. Edmea alikuwa amesimama kizingitini, mikono imening'inia, uso ameuinua.

Onorina akasimama. Hakupiga mluzi, hakupiga makofi. Kwa sauti ileile aliyozoea kuuzia kuku akapaza:

"Sasa umeimba!"

Na alipoona haijatosha, akajaza kifua, akawageukia wale wa mahameli, akamtafuta yule bwana wa aibu:

"Na mluzi ule ulikuwa wangu! Mimi ndiye mama yake!"

Wanasema kelele zilizofuata zilisikika hadi ng'ambo ya mto. Bwana yule alivua kofia akainama kuelekea juu, jambo ambalo watu wa Tundu hawakuwahi kuliona. Edmea alifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatetemeka, na kwa umbali ule mtu hangejua kama ni kicheko au kilio. Aliurudia wimbo wote. Safari ya pili Onorina alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Baadaye walimngoja kwenye uchochoro wa waimbaji, kwenye ukungu, Tundu karibu lote. Edmea akatoka, rangi za jukwaani bado ziko mashavuni, watu wakampisha. Onorina, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu, aliogopa.

"Mama."

"Ee."

"Niliusikia."

"Najua uliusikia. Umenikasirikia?"

"Sana. Nyuma ya pazia nilivunja kikombe." Kisha akacheka, akamwegemeza kichwa begani. "Halafu nikasema, vizuri, yule mwanamke yuko macho. Basi nimwimbie yeye."

Onorina akamwinua kidevu. Akamfunga binti yake kitufe cha juu cha koti, kilichokuwa kimekwisha kufungwa.

"Na mimi?" Learco akadakia, macho yamevimba. "Mimi nililia mara zote mbili, lakini nani ananiuliza?"

"Wewe, Baba, unalia hata wakifungua mlango."

Watu wakacheka. Ermes alichomoa kwenye furushi mkate wake wa mwisho, akampa Edmea, naye akaung'ata palepale barabarani kama mtu aliyetoka kuvuna. Wakaanza kwenda nyumbani, kundi zima, wakibishana kama mwongoza ala aliharakisha sehemu ya tatu au hakuharakisha. Edmea alitembea katikati yao, akibishana kuliko wote, mdomo umejaa. Onorina alibaki hatua moja nyuma, kusudi, ili kila aliyefungua dirisha amwone binti kwanza.