Wimbo wa Bomba Linalovuja

Wanafunzi walimwita Mwalimu Do, na jina lenyewe alijitakia. Tangu aanze kufundisha utunzi wa muziki pale shuleni, kila wimbo ulioletwa mbele yake ulipaswa kumalizikia kwenye noti ya do, utake usitake. "Wimbo hauachwi mlangoni," alikuwa akisema huku akigonga ubao kwa chaki. "Uingizeni ndani, mfunge mlango."

Mwaka huu hasira zake zilikuwa karibu. Mwalimu mkuu alishamwambia wazi kwamba kipindi chake kinamezewa mate na walimu wa hesabu, na kwamba mkaguzi atakuja kusikiliza. Akiridhika kuwa watoto wanatunga wenyewe, kipindi kitabaki. Asiporidhika, hesabu itakichukua, na kinanda kitarudi stoo kulala na madawati mabovu.

Basi Mwalimu Do akakaza uzi. Lakini watoto nao utawafanyaje? Uwaambie watunge juu ya mambo wanayoyajua, wakuletee nyimbo nusunusu: huyu kaanza vizuri kapotelea njiani, yule kabandika maneno yake kwenye tuni ya tangazo la sabuni. Aliyemkera kuliko wote ni binti wa mstari wa mbele waliyemwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Chiriku alitunga wimbo wa bomba la uwanjani, lile linalovuja miaka nenda miaka rudi. Noti zilidondoka mojamoja, zikafika kwenye re, hatua moja tu kabla ya do, zikaning'inia hapo.

"Mbona umeukata?" mwalimu aliuliza.

"Sijaukata, mwalimu. Tone ndilo halijaanguka bado."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakuona cha kuchekesha. Akafuta re ubaoni, akaandika do, na kwa kuwa chaki ilishashika kasi, akarekebisha na mistari ya juu yake ili ifanane na mwisho huo mpya. Kisha akamwagiza auimbe hivyo kila siku mpaka umwingie kichwani. Wengine nao hawakupona. Wimbo wa viatu vya bibi ulinyooshwa, wa mbwa wa jirani ukanyooshwa, na ule wa sabuni akautungia tuni nyingine kabisa, kwa kumsaidia mtoto wa watu.

Nyumbani alikuwa akiimba kwa pua huku akisahihisha madaftari. Mkewe, fundi cherehani, akasimamisha mguu. Akamwuliza kama huo si wimbo alioutunga yeye mwenyewe kwa ajili ya harusi ya shemeji. Mwalimu akajibu kwa mkato kwamba ni wa mwanafunzi, tena ni wa bomba. Mkewe akasema nyani haoni kundule, akaendelea kushona. Mwalimu akanuna mpaka chakula kikapoa.

Mkaguzi alipokuja, alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya raba na sauti ya chini. Akakaa na mwalimu mkuu kwenye dawati la nyuma. Watoto wakaimba wimbo mmoja baada ya mwingine, bila kukosea hata noti, na Mwalimu Do akavimba kichwa. Walipomaliza, mkaguzi akauliza nani katunga upi. Vidole vikanyooshwa huku na huku.

"Ajabu," alisema. "Nyimbo nimesikia kadhaa, lakini mtunzi nimemsikia mmoja tu."

Mwalimu mkuu akatazama dirishani. Mkaguzi akamgeukia Chiriku, akamwomba auimbe wimbo wa bomba kama alivyouleta siku ya kwanza, kabla mwalimu hajaugusa.

Ile re aliyoifuta, sasa Mwalimu Do aliitamani kama maji ya kunywa. Akamwitikia Chiriku kwa kichwa, aendelee. Binti akaanza, noti zikadondoka, zikatua kwenye do. Akarudia. Do tena. Mwalimu akafungua midomo amsaidie, akagundua kwamba naye hana kitu. Mistari yote ya mwanzo ilikwenda na vumbi la chaki.

"Nimeusahau, mwalimu," Chiriku alisema. "Huu wako ndio umebaki."

Hata hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma.

Ratiba mpya ilibandikwa mchana uleule. Mwalimu Do akakibeba kinanda kwenda stoo, anafoka kimoyomoyo. Alimkasirikia mkaguzi, akawakasirikia watu wa hesabu na mahesabu yao, akamkasirikia hata mkewe aliyeona mapema. Hasira zikazunguka kote, zikarudi kwenye mkono wake mwenyewe, ule wa chaki. Kama ungefungulika angeuacha huko stoo.

Nje, Chiriku alikuwa amechuchumaa mbele ya bomba, kichwa upande, anasikiliza matone. Akaimba polepole. Akakosea, akanyamaza, akasikiliza, akaanza upya. Mwalimu alisimama na kinanda kwapani. Zilimjia noti nzuri za kumpa, zimepangana tayari na mlango wake wa kufungia. Ulimi ukamwasha. Akauuma.

Binti akaimba tena, akashuka, akasimama katikati ya hewa. Sijui kama ndio ule wimbo wa zamani au mwingine. Hata mwalimu hakujua. Ila safari hii hakumwuliza mbona ameukata.